Besi ya laki 3 na 80 ya Kariakoo, baada ya mwaka na nusu

Watu wananiuliza sana kuhusu hii besi, yani gitaa la besi, hasa wanaoniona nayo jukwaani wakidhani ni Fender, ile kampuni kubwa ya magitaa ya Marekani. Hapana jamani si Fender, ni kopi ya Mchina, ilikuja na jina kichwani ambalo hata sijui linatamkwaje na nimeshalichubua kwa msasa kwahiyo msihangaike kuvuta picha. Nilinunua Kariakoo mwaka jana kwa 380,000, duka silitaji kwa sababu mengine nitakayosema hapa si mazuri na yule muuzaji kiukweli ni mtu poa tu, anauza anacholetewa. Naandika kwa ajili ya wenye ile laki tatu nne ya mawazo, ambayo ukiipeleka kwenye gitaa jipya la maana haifiki na ukiiacha mfukoni inaisha kwa bodaboda na chipsi.

Mimi napiga kanisani Jumapili na mara mojamoja wikiendi naitwa kushika nafasi kwenye bendi ya dansi, mpiga besi wao akiwa na safari. Besi ya kanisa ni Yamaha, nzuri sana, ila ni ya kanisa, inalala kabatini na ufunguo anao mzee wa kanisa, mzee akienda msibani Ifakara ndo basi tena mazoezi yamekufa wiki nzima. Nilichoka.

Sasa hii ni kopi ya Jazz Bass. Fender walitoa Precision mwaka 1951, Jazz ikafuata 1960, na besi nyingi sana za bei chee unazoziona madukani ni fotokopi ya moja kati ya hizo mbili au mchanganyiko wake. Urefu wa uzi ni inchi 34, kama sentimita 86 hivi, pikapu (zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) mbili nyembamba, voliyumu mbili na toni moja. Shingo ya Jazz ni nyembamba kule juu, milimita 38, kwa mtu mwenye kiganja kidogo kama mimi ni raha. Na uzuri wa kununua kopi ya kitu maarufu ni kwamba spea zake zipo, ukinunua besi yenye umbo la ajabu ajabu siku pikapu ikifa utatafuta ya kuingia kwenye lile tundu mpaka uzeeke.

Dukani zilikuwepo tatu za aina moja, nyeusi, nyekundu na ile ya kahawia inayofifia kuwa njano katikati. Muuzaji ananiambia, "Kaka chukua nyeusi hii, ndo inatoka sana." Nikaishika nyeusi, nikaweka kitako chake begani nikafunga jicho moja nikachungulia shingo kuelekea kichwani kama seremala anavyochungulia mbao kabla ya kulipa. Imepinda. Na si ule upinde wa kawaida wa kuvutwa na nyuzi, ule unarekebishika, hii ilikuwa imejinyonga, upande wa uzi mnene wa E umeinuka upande wa uzi mwembamba wa G umelala, kama mtu aliyelala vibaya akaamka na shingo. Hiyo hakuna fundi. Ya kahawia ilikuwa nzuri ila freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya tano au ya sita hivi imenyanyuka, ukibana kabla yake uzi unagonga. Nyekundu, ambayo ni nyekundu ya jezi kabisa, mbaya kuitazama, shingo yake ilikuwa imenyooka kama rula. Nikasema nachukua hii. Jamaa akanishangaa, "Hiyo? Hiyo imekaa hapa muda boss." Imekaa muda na bado imenyooka, ndo maana naitaka.

Kama utasoma hapa tu ukaondoka basi ondoka na hilo, kwenye besi ya bei chee unanunua shingo. Pikapu zinabadilishwa, voliyumu zinabadilishwa, rangi unaipaka hata nyumbani, lakini shingo iliyojinyonga ni kuni. Kwahiyo usiende dukani ukaanza kupiga manjonjo muuzaji akusifie, nenda na kaspana kako ka aleni, omba ukageuze kidogo uone kama chuma cha ndani ya shingo kinaitikia au kimekwama, bana freti moja moja nyuzi zote nne kutoka juu mpaka chini bila haraka, hata kama kuna mteja anasubiri nyuma yako anakohoa kohoa. Na angalia uzi wa E na wa G zimeachana na kingo za shingo sawasawa, kuna besi uzi wa G unatembea pembeni kabisa ukiuvuta kidogo unadondoka nje.

Haya, nikafika nayo nyumbani, nikachomeka, aisee.

Kwanza mvumo. Unajua umeme wetu ni wa hezi 50, sasa noti ya G pale freti ya tatu ya uzi wa E ni hezi 49, yani nikipiga G nyimbo nzima inakuwa kama watu wawili wanabishana chumba cha pili. Halafu ncha za freti zilikuwa zinakwangua, ukitelezesha mkono kutoka juu kwenda chini unatoka na mikwaruzo kama umeshika paka mwenye hasira. Nyuzi zipo juu kiasi cha kupitisha penseli. Voliyumu ukiipunguza haipungui, haipungui, haipungui, halafu ghafla imezima.

Mvumo nikaupeleka kwa mzee mmoja fundi redio Temeke, mzee wa masabufa na redio kaseti, hajawahi kupiga gitaa maishani mwake na hilo alinitangulizia mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo likoje?"

"Linavuma mzee."

"Ukizishika nyuzi kwa mkono mvumo unapungua?"

"Haupungui."

"Basi huku nyuma hakuna waya."

Hakuifungua hata. Aliuliza hilo swali moja tu. Ni hivi, kwenye besi kuna waya mmoja unatoka kwenye sakiti unaenda chini ya briji, kile chuma kinachoshika nyuzi huku kwenye mwili, ili nyuzi zote ziwe zimeunganishwa na ethi, ukizishika mwili wako unasaidia kukata kelele. Ukishika na mvumo ukapungua ujue waya upo na shida yako ni kukinga tu kelele za hewani, ukishika pasibadilike kitu ujue huo waya haupo au haujagusa. Akafungua skrubu tano za briji kwa bisibisi, akaninyooshea bila kusema kitu. Waya upo, umelazwa vizuri kabisa chini ya chuma, ila ncha yake bado ina plastiki yake! Mtu kiwandani ameukata, ameupitisha kwenye tundu, amefunga briji juu yake, hajauchuna. Mzee akauchuna kwa meno, akakwangua na rangi kidogo chini ya briji ili chuma kiguse shaba, akafunga. Mvumo ukabaki robo. Ile robo nikamalizia mwenyewe nyumbani kwa kubandika foili ndani ya lile shimo la sakiti na mashimo ya pikapu, foili ya alumini haishiki risasi kwahiyo niliikamata kwa skrubu ndogo yenye washa na waya ukaenda kwenye ethi ya voliyumu. Hakikisha tu foili haigusi nguzo ya moto ya jeki, pale unapochomeka waya, mara ya kwanza iligusa nikadhani nimeua besi, kimya kabisa.

Na hapa nichomekee kitu kimoja. Hiyo ethi ikishakaa sawa wewe sasa umeunganishwa na ukuta, kwahiyo kama ukumbini soketi haina ethi au ekstensheni yao imekatwa ule mguu wa tatu (na mnajua zilivyo nyingi) ukisogeza mdomo kwenye maiki unapigwa shoti ya midomo. Imenikuta kwenye kipaimara mbele ya watu. Gusa maiki na kamba za besi kwanza, kwa nyuma ya kidole, kabla hujaimba kiitikio.

Voliyumu pia mzee ndo alinifumbua. Zilizokuja zimeandikwa B250K, hiyo B maana yake inapunguza kwa mstari ulionyooka na sikio la binadamu halisikii hivyo, ndo maana unazungusha huoni tofauti mpaka mwisho. Tukaweka A250K tatu na kapasita mpya ya toni, ya mikrofaradi 0.047, vyote pamoja 18,000, ufundi wake na ile kazi ya briji jumla 30,000. Sasa toni nikiifunga nusu napata ule mlio mnene wa zamani wa dansi ambao zamani nilikuwa naupata nusu kipande cha mzunguko halafu unapotea.

Setapu, yani kuweka sawa shingo na nyuzi, nilijifanyia mwenyewe. Usiogope chuma cha shingo ila usikifanyie haraka pia, robo mzunguko tu kwa wakati, kukaza kunanyoosha, kulegeza kunaachia upinde, halafu iache mpaka kesho uangalie tena. Kipimo changu ni kubana uzi wa E freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, pale katikati freti ya saba nane kuwe na upenyo wa kupita kadi ya biashara kwa kubana bana. Kimo cha nyuzi nilipimia rula ya mwanangu ya darasa la tatu, milimita mbili na nusu kwa E na mbili kwa G pale freti ya 12. Halafu apu ya kutyuni kwenye simu, unapiga uzi wazi, unapiga freti ya 12, ikiwa ya 12 imezidi unarudisha kile kidude kinachobeba uzi nyuma mbali na shingo, ikipungua unakisogeza mbele. Jioni moja imeisha. Hela sifuri. Na hii ndo kazi iliyobadilisha besi kuliko zote, ilitoka kuwa kitu cha kugombana nacho ikawa gitaa.

Ncha za freti nilibandika selotepu ya karatasi kwenye ubao nikapitisha tupa ndogo kwa kuilaza, halafu msasa laini wa maji. Nikadhani nimemaliza, tukaenda Dodoma na bendi siku nne, ule ukavu wa Dodoma ukakausha mti shingo ikanywea, freti zikachungulia tena nje kama meno ya panya. Nikarudia. Toka hapo hazijatoka tena hata niende wapi.

Sasa tufike kwenye mfupa.

Kile kipande cha juu kabisa ambacho nyuzi zinapita kabla ya kufika kichwani, wengine tunaita nati, kilikuwa plastiki laini na ndani kipo wazi kama kifuniko cha peni. Uzi wazi ukipiga unasikia kabisa umekufa, ukibana freti ya kwanza unafufuka. Dukani za mfupa zilizotengenezwa hawakuwa nazo, nikasema mfupa si mfupa tu? Nikaenda buchani nikaomba kipande cha paja la ng'ombe pale katikati penye ukuta mnene, 2,000, muuza nyama akaniuliza ni cha mbwa au cha supu nikamwambia cha gitaa, akacheka akaniongezea kingine. Nikachemsha saa nzima na sabuni kidogo kutoa mafuta, nikakwangua uboho, nikachemsha tena, halafu nikaanika juu ya bati wiki mbili, siku ya kwanza kunguru wakachukua kile kipande cha nyongeza. Kilichobaki nikakikata kwa msumeno wa chuma, vumbi lake linanuka kama kwa daktari wa meno, fanyia nje na uzibe pua. Nikakisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka kikaingia kwenye ule mfereji kwa kubana. Mifereji ya nyuzi ndo kazi, mafundi wana tupa zake maalum na ni ghali, mimi nilichukua nyuzi kuukuu zenyewe nikazizungushia msasa nikawa nasugulia, uzi wa E unachonga mfereji wa E. Unakwenda kidogo unaweka uzi unasikiliza, kidogo unaweka unasikiliza, ukizidisha nywele moja uzi unalala chini unagonga freti ya kwanza na mfupa umeshakuwa wa mbwa kweli. Wa kwanza niliuharibu hivyo hivyo. Bahati paja lile lilikuwa refu.

Ule wa pili upo mpaka leo, umeanza kuwa na rangi ya chai. E wazi sasa inalia inakaa.

Sufuria ya mfupa ndo hiyo hiyo nikaja kuchemshia nyuzi, ujanja wa zamani wa wapiga besi, nyuzi zikifa kwa jasho na uchafu unazitoa unazichemsha dakika kumi unazikausha vizuri zinaamka kwa wiki kadhaa. Mke wangu akasema hiyo sufuria sasa ni ya kwako jumla, usiirudishe jikoni. Baadae nikanunua seti mpya, 45 mpaka 105, kwa 65,000, na hiyo ni hela nzuri iliyotumika, zilizokuja na besi zilikuwa kama waya wa kuanikia nguo.

Pikapu. Hapa nilikosea na nasema wazi ili mwingine asirudie. Zilizokuja zilikuwa zile za sumaku moja bapa nyeusi iliyogundishwa chini na vyuma vinne vimechomekwa juu yake, nikajaza kichwa kwamba lazima niwe na za alniko, ile sumaku ya alumini, nikeli na kobalti kama za Fender. Jamaa mmoja anauza zilizotumika, 160,000. Nikafunga. Nyumbani kwenye hedifoni nikasikia tofauti, kwa juu zimekuwa tamu zaidi, hazikwaruzi. Jumapili nikapiga kanisani kwenye zile spika zetu zilizoning'inia na kwaya ya watu 40 na kinanda mkono wa kushoto unapiga besi yangu tena juu yangu, hakuna mtu aliyesikia kitu, na mimi mwenyewe nikiwa mkweli sikusikia. Kwenye bendi, sebene likishachanganya besi inayokaa vizuri na tumba na drami ni suala la vidole vyako unakata wapi, hakuna anayesikia sumaku. Ile 160,000 ningenunua nyuzi za kunitosha miaka miwili.

Kitu kingine kidogo, kichwa kilikuwa kizito mwili mwepesi, ukiachia mkono besi inainama kama inasujudu. Fundi viatu wa mtaani akanishonea mkanda mpana wa ngozi, upande wenye manyoya umekaa ndani, 8,000. Haitelezi tena begani, tatizo limekwisha, na ni mzuri kuliko ule wa dukani.

Jumla sasa, 380,000 besi, nyuzi 65,000, ufundi 30,000, voliyumu na kapasita 18,000, mfupa 2,000, mkanda 8,000, hiyo ni 503,000. Weka ule ujinga wa pikapu inafika 663,000. Na kwa hela hiyo ya mwisho, kama ungekuwa na subira na bahati, unavizia Yamaha TRBX174 au Ibanez GSR200 iliyotumika kwa mtu anayeacha muziki, au Squier, ambayo ndo mtoto wa Fender mwenyewe tangu 1982. Hizo ukizishika tu unajua kiwandani kuna mtu alikagua. Kwahiyo kama hela yako ni laki sita kamili usinifuate mimi, subiri. Kama ni laki nne na mikono yako haiogopi bisibisi, nenda Kariakoo asubuhi wateja hawajajaa, chungulia shingo.

Ubaya uliobaki, rangi imeanza kutoka pale mkono unapolala, nyekundu inatoka na shati jeupe la kwaya limeshaonja. Jeki ililegea nikaikaza, imelegea tena. Na ufunguo wa kukazia uzi wa G una uchezo, unatyuni vizuri ila ukipiga kwa nguvu nyimbo mbili unakuta imeshuka kidogo, nimezoea kuigusa kati ya nyimbo bila hata kufikiri, watu wanadhani ni mbwembwe. Nimeshapata ufunguo mmoja wa chuma kutoka kwenye besi iliyovunjika, 10,000, haufanani na wenzake watatu hata kidogo. Jumamosi naufunga.

Zile pikapu za zamani bado ninazo kwenye bahasha, zinafanya kazi, mwenye besi iliyokufa aje achukue bure ila aje na soda.